Mimi Si Huyo Pichani

Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo. Bibi mzaa baba alipofariki, wajukuu wawili wa kike waliozaliwa baada yake walipewa jina lake: mimi, na binti wa baba yangu mdogo. Jina la kwanza moja, la ukoo moja. Kinachotutofautisha ni jina la baba katikati, na siku hizi nani anajisumbua kuandika majina matatu? Sisi wenyewe tumeitana "wajina" tangu utotoni. Marehemu baba aliniita "mama" mpaka mwisho wa uhai wake, na baba mdogo humwita bintiye hivyo hivyo. Nyumbani hakuna aliyewahi kutuchanganya. Mtandao ndio ulioshindwa.

Mimi ni daktari wa mifugo. Naishi Kitaji, hapa Musoma, ila ng'ombe ninaowatibu wengi wako Butiama na Kiabakari. Wajina wangu alikuwa na duka la dawa za mifugo huko huko Butiama. Wakaguzi walipita, wakakuta boksi la dawa zilizokwisha muda, akafunguliwa kesi, na habari ikapandishwa mtandaoni kwa herufi kubwa pamoja na jina. Baadaye ilionekana boksi lile lilikuwa limetengwa pembeni, likisubiri kurudishwa lilikotoka, na kesi ikafutwa. Hilo la kufutwa hakuna aliyelipandisha popote. Duka alishalifunga, maana wateja walikuwa wamemkimbia.

Kisha chama kimoja cha wafuga ng'ombe wa maziwa kule Bunda kikatangaza kwamba kinatafuta daktari wake wa kudumu. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye sauti ya upole, aliniambia kwenye simu kuwa kabla ya kumwita mtu huwa wanamtafuta mtandaoni kwanza. Nilipokata simu nikaandika jina langu mwenyewe. Cha kwanza kutokea kilikuwa dawa zilizokwisha muda.

Nikaamua kutengeneza tovuti yangu. Nilijifunza kwa kutazama video, nikavuruga, nikaanza upya. Niliweka picha yangu nikiwa na koti jeupe na gambuti, cheti cha usajili, na maelezo ya ugonjwa wa ndigana, minyoo na chanjo za ndama. Ilipendeza, lakini haikunipa amani. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, nilitafuta jina langu, na ile habari ilikuwa bado juu, tovuti yangu chini yake. Nikaanza kuwaomba majirani wanitafutie kwenye simu zao, kwa kuhofia kwamba simu yangu ilikuwa inanipendelea. Jirani mmoja aliniuliza kama nagombea udiwani.

Ndipo nikakumbuka yale matangazo ya magazetini, ambapo ofisi inaweka picha ya mtu ambaye imeachana naye na kuutangazia umma kwamba anayeonekana pichani si mtumishi wake tena. Sote tumeyasoma, na sote tunaamini kuwa ndivyo mambo yanavyomalizwa rasmi. Nikachukua picha tuliyopiga pamoja kwenye sherehe ya kumuaga binti wa ukoo, nikaukata upande wangu, nikambakiza wajina wangu. Chini yake nikaandika: "Umma unatangaziwa kuwa mimi si huyo pichani, aliyekutwa na dawa zilizokwisha muda. Sina uhusiano naye wowote." Siku ile nilikula nikashiba.

Bunda waliniita. Kamati ilikaa nyuma ya kituo chao cha kukusanyia maziwa, mwenyekiti katikati na simu yake mkononi. Waliniuliza mambo ya kazi, nikajibu vizuri, hata nikaanza kujisikia mwepesi. Kisha mwenyekiti akakuza picha kwa vidole, akaitazama, akanitazama mimi, akampa simu aliyekaa jirani yake. Simu ikazunguka meza nzima.

"Daktari, huyu ni nani kwako?"

Nikasema ni wajina wangu.

"Wajina tu? Na paji hilo la uso, na mwanya huo?"

"Wajina tu, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Sisi mambo ya huyu tulikuwa hatuyajui kabisa. Tulipotafuta jina lako tulifunguaga tovuti yako tu. Umetuonyesha wewe mwenyewe."

Wakasema watajadiliana na kunijulisha. Nilitoka nje nimewakasirikia wao, nimejikasirikia mimi zaidi. Sikufika Musoma. Nilishuka Kiabakari nikachukua pikipiki mpaka Butiama.

Wajina wangu alikuwa uani anamenya mihogo. Alishaliona tangazo, lilikuwa limezunguka kwenye kundi la ukoo kwenye simu, na baba mdogo aliposomewa aliinuka akaenda zizini. Haya alinieleza baadaye. Kwanza alinipa kigoda na uji, akataka habari za Bunda. Nikamweleza yote, pamoja na nilivyomjibu mwenyekiti. Nikatoa simu nilifute tangazo mbele yake. Akanishika mkono, wake ukiwa bado umeloa maji ya mihogo.

"Liache, wajina. Jina la bibi kwangu lilishaharibika. Wewe lifanyie kazi. Watu wakiniulizaga, nitasema kweli simjui yule daktari."

Nililia, tena kwa hasira, kwa sababu alimaanisha. Angenitukana ningejua la kufanya. Nikafuta lile tangazo, picha nikaiacha, nikaandika chini yake kwamba huyu ni ndugu yangu, mtoto wa baba yangu mdogo, kwamba kesi yake ilifutwa, na kwamba dawa zake nimezitumia mimi mwenyewe kwa ng'ombe wa watu na hazijawahi kunitia aibu. Mtandao wa pale ni wa kubembeleza. Kialama cha kusubiri kilizunguka, kikazunguka, na kila kilipozunguka niliiona kazi yangu ikienda. Kilipotulia nikampa simu asome. Alisoma polepole, midomo ikitembea.

"Bunda watajua ulidanganya."

"Watajua."

Akarudi kwenye mihogo yake. Nilimsaidia kumenya, simu nimeiweka kwenye kigoda kingine katikati yetu, na niliitazama simu kuliko mihogo mpaka akaninyang'anya kisu. Jua lilikuwa bado kali simu ilipoita, na namba ilikuwa ya mwenyekiti. Sikuigusa. Iliita mpaka ikakaribia kukatika, ndipo wajina wangu akaiokota mwenyewe na kuniwekea mkononi.

"Pokea," akasema. "Mwambie uko kwa nani."