Kijamaika Changu Mtaa wa Kongo

Jamani, hii habari bado inaniumbua, lakini bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko muipate kwa watu wa Mtaa wa Kongo wanaozidisha chumvi. Mimi nauza viatu dukani kwa Mama Manka, nina rasta mpaka mgongoni, na kutwa nzima nanadi kwenye spika kwa Kijamaika nilichookota kwenye nyimbo (wateja wanacheka, wananunua), basi mtaa mzima ukaniita Mjamaika.

Siku hiyo mchana, watu wamejaa hakuna pa kukanyaga, akaja dada mmoja anakimbia, kashika ndala moja ya mtoto, analia na kuongea mbio mbio. Huyo sasa alikuwa Mjamaika wa kweli, maneno yake kama ya nyimbo zangu. Tulichoelewa ni ile ndala tu, na mkono wake unaoonyesha kimo: mtoto kapotea. Kariakoo ile!

"Mjamaika, si unakijua wewe? Mwite mtoto aje hapa," akasema Mama Manka, akanikabidhi maiki. Hapo ningesema sijui, yangeisha. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, nikaona aibu, nikafungua spika mpaka mwisho na kunguruma kila neno nililolijua, kwa ile sauti nzito ya kwenye nyimbo.

Yule dada akapiga ukelele, akanikwida shati. Mtu mmoja akauliza, "Mbona anamkwida huyu? Au yeye ndiye kamficha mtoto?" Mnaijua Kariakoo. Nikaona duara linabana, mtu keshaokota ubao, nikajua leo nauawa mchana kweupe kwa kujifanya mjuaji.

Dada akanipokonya maiki, akaongea taratibu, kwa sauti ya kubembeleza. Papo hapo tukasikia kilio chini ya meza yetu. Katoto ka kike, miaka kama minne, kamejikunja nyuma ya maboksi, kameziba masikio, karibu kabisa na miguu yangu! Mama yake akakaita, hakatoki, kananinyooshea kidole tu na kutetemeka.

"Wewe, hebu toka hapo!" Mama Manka akanisukuma mpaka ng'ambo ya barabara. Ndipo mtoto akatoka, akamrukia mama yake.

Alipotulia, yule dada akaeleza kwenye maiki, kwa Kiingereza cha pole pole (hicho tunakiokoteza) nilichokuwa nimetangaza: kwamba aliyejificha nitamsaka, na nikimpata namzika leo leo. Kumbe nyimbo zangu zote nizipendazo ni za kutishana!

Nilitaka kuvuka nikamwombe mtoto radhi, lakini kila nikiinua mguu anaficha uso shingoni kwa mama yake, basi nikabaki kule kule mpaka walipoondoka. Tangu hapo, nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, hata kama mtaa mzima unanitazama.