Mama Raudha apalia wali bila makaa

Saa tano asubuhi, moshi hauonekani tena juu ya jiko la chuo kimoja cha serikali hapa Tumbi, Kibaha. Ndani, Swaumu Kondo anainamia sufuria ambalo mtoto anaweza kuogea humo, anasogeza sikio karibu na mfuniko.

“Nyamazeni kidogo,” anawaambia wapishi wenzake. “Nausikiliza wali.”

Wananyamaza, maana leo si siku ya masihara. Wali huu wa nazi ni wa majaribio, na mchana mkuu wa chuo atakuja kuuonja. Ukiharibika, chakula cha mahafali ya keshokutwa atapewa mzabuni kutoka Dar es Salaam. Swaumu, mwenye umri wa miaka 51, amepika mahafali yote tangu aajiriwe hapa miaka kumi na tisa iliyopita.

Wanafunzi humwita Mama Raudha, kwa jina la bintiye. Ukumbini zimetundikwa picha za waliosoma hapa wakapata vyeo: maofisa elimu, wakuu wa shule, hata mbunge mmoja. Picha yake haipo. Lakini wakubwa hao wakirudi kutembea, salamu zikiisha tu huuliza kama Mama Raudha bado yupo, kisha hunyemelea dirisha la jikoni, na suti zao, kuomba ukoko.

Utamu wa wali ule ulikuwa kwenye makaa. Swaumu alizaliwa Masaki, Kisarawe, na huko wali usiopaliwa haujawa wali. Maji yakikauka, unapunguza moto chini na kutandaza makaa juu ya mfuniko, wali unaivishwa na joto la pande zote mbili. Mkaa wenyewe aliuchoma mumewe, Mwishehe, akauleta hadi mlangoni.

Mwaka huu chuo kikaleta gesi, na mkono wa Swaumu ukafanya ulichozoea. Aliwasha makaa nje, akayaingiza kwa koleo, akayamwaga juu ya mfuniko huku gesi ikinguruma chini.

“Nikamsikia Mwalimu Bernard anapiga kelele, ‘Mama, utatulipua!’” anasimulia, akicheka hadi anafuta machozi. “Nikamwambia, mwanangu, mbona napalia tu?”

Jiko halikulipuka. Wali ndio uliokwisha kazi: chini umeungua, juu umeungua, katikati mbichi. Wanafunzi walilala na uji, na wiki hiyohiyo jina la mzabuni likaanza kutajwa ofisini.

“Nililia,” anasema. “Kusemwa nimezoea. Kilichoniuma ni kwamba kazi niliyoijua tangu msichana imenitoka mikononi, na watu wananitazama.”

Bernard, mkufunzi wa ufundi ambaye naye alikula ukoko wa Swaumu enzi za uanafunzi wake, alirudi jioni.

“Shikamoo mama. Nimekuja kuomba radhi kwa zile kelele.”

“Marahaba. Kaa basi, tufikirie.”

Wakafikiri. Bernard akachomelea bamba zito la chuma, likae kati ya sufuria na moto ili joto lisambae taratibu. Swaumu akaongeza ya kwake: majani ya mgomba chini ya mfuniko, na moto ukizimwa, gunia nene juu yake, joto lisitoroke. Mara za mwanzo ulitoka bokoboko. Hakukata tamaa, ingawa walioula walikaribia.

Mchana, mkuu wa chuo, Hamisa, anaingia. Anaonja kijiko kimoja. Anaonja cha pili. Anaomba sahani.

“Mama Raudha, huu si umepaliwa huu?”

“Umepaliwa, mkuu. Makaa tu ndiyo yamepumzika.”

“Basi mwambieni mzabuni alete viti na maturubai. Jiko lina mwenyewe.”

Vigelegele vinapigwa jikoni, na Swaumu anajifuta uso kwa ncha ya kanga, hasemi ni jasho au ni nini.

Akistaafu, anataka kufungua mgahawa Masaki, karibu na kijiwe cha bodaboda, apike wali huu na kuwafundisha wanawake wenzake namna ya kuupalia kwa gesi. Kikwazo ni nyumbani. Gesi ilimwondolea Mwishehe mteja wake mkubwa, akanuna mwezi mzima na kuapa kwamba mtungi hautavuka kizingiti chake. Siku hizi analima korosho na kubeba abiria kwa pikipiki.

Jioni anakuja kumchukua mkewe. Nyuma ya pikipiki amefunga kwa mpira mtungi mdogo wa gesi, mpya.

“Usiseme kitu,” anamwambia. “Panda twende.”

Swaumu anapanda, mgongo ameuegemeza kwenye mtungi, na kicheko chake kinasikika mpaka getini.