Jini la Kwenye Gemu

Machale yalimcheza fundi cherehani. Binti gani hufunga kompyuta kila mama yake akiingia chumbani? Leo akanyata, akampokonya hedifoni, akazivaa mwenyewe.

"Ni gemu tu, mama. Unabonyeza kufuata mdundo. Mimi na wenzangu tumeigeuza iwe ya kutisha: ukikosea, jini linakujia."

"Jini? Nilijua tu kuna jambo!"

Akabonyeza ovyo makusudi. Ngoma zikanyamaza, kisha sauti ya mwanamke ikamngurumia masikioni: "Nikija hapo utanitambua!"

Alimtambua kweli. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, iliyorekodiwa siku ile alipomfokea binti kwa kuunguza wali.

"Mtoto wewe!" akafoka. "Leo nikikushika..."

Binti akamsogezea simu mdomoni taratibu. "Hapo hapo mama, rudia."