Bado Uko Kijani

Harufu ya gome lile hunijia kila nipitapo kwa wauza dawa za miti mjini Durban: kali kama pilipili manga, inakuwasha koo kabla hujaonja. Nikiinusa tu, narudi kwenye chumba chetu cha kupanga kule mtaa wa Bluff, miaka ya tisini ikielekea kwisha, Mama akikohoa nyuma ya pazia.

Tulikuwa wageni, tumetoka Kivu. Nyuma ya nyumba palibaki kipande cha msitu wa asili, na ndani yake mti mmoja tu wa gome hilo. Aliyeutunza ni jirani yetu Ma Zodwa, muuza dawa, aliyeokota Kiswahili chetu kwa kupiga soga na Mama, huku Mama akimchekesha kwa Kizulu chake kibovu. Kwa dawa ya kikohozi cha Mama, Ma Zodwa alibandua ukanda mwembamba upande mmoja, akapaka kidonda udongo, kisha akauacha mti upone. Mara nyingi alichuma majani tu. Nayo yanawasha vilevile.

Mama alipoanza kutema damu, Papa hakungoja. Alichukua panga akalibandua gome lote, kuzunguka shina, toka chini mpaka mkono wake ulipofika.

"Eish, Papa Neema!" Ma Zodwa alishika kichwa. "Umeuvua nguo zote!"

"Mama Neema iko anatema damu, na weye unalilia muti?"

Ma Zodwa alichota udongo, akaanza kuupaka mti.

Nilimsikia akinong'ona kwamba mti utakufa. Basi kila asubuhi nilikimbia kuutazama, nikarudi nikipiga kelele: "Mama, bado uko kijani!"

"Basi na mimi niko," alijibu.

Nikaamini tumeshinda. Mti ulikuwa kijani hata siku tuliyomzika Mama, nami nikaupiga mawe kwa kunidanganya. Majani yalikuja kupukutika miezi mingi baadaye, na pale hapajaota mwingine.

Ngoja niwaeleze taratibu, kama nilivyoelezwa ukubwani. Maji hupanda ndani ya mbao, kwa hiyo majani hayaoni tofauti. Ila chakula cha mizizi hushuka kupitia gome. Likiondolewa pande zote, mizizi hufa njaa polepole, na huko juu mti unapendeza.

Mama alikuwa binti wa mpasua mbao, kakulia msituni. Hilo alilijua tangu siku ya kwanza. Na kila asubuhi alijigeuza kwa taabu, akatazama mlangoni, akaningoja nimletee habari njema.