Sauti Iliyobaki Kahama

Kwenye duara letu, shimo la dhahabu kule Masumbwe, mwenye sauti alikuwa rafiki yangu. Akisimama juu ya shimo akapiga "Vutaaa baba, vutaaa!", wa chini wote wanamsikia. Mimi nilikuwa mtu wa kamba na utani.

Siku moja mchana akaiongezea pampu ya maji petroli ndani ya banda la turubai, injini bado ya moto. Ikalipuka. Tukamtoa, tukammwagia maji, tukamkimbiza hospitali Kahama kwenye lori, juu ya magunia ya mchele.

Pale chumba cha dharura alikuwa anaongea tu. Kifua kimebabuka, kope hana.

"We fala, bado mzuri mimi?"

"Umependeza. Mama yako akikuona atakutoza kiingilio."

Akacheka, kicheko kikakwaruza. Daktari alikuwa kwenye simu na wataalamu wa majeraha ya moto, hospitali ya rufaa Mwanza, anawaomba wampokee. Mimi nikaendelea.

"Aisee, umekuwa na sauti ya mzee wa kanisa. Hebu tangaza sadaka."

"Toeni... mlichojaliwa," akajibu, nzito, kama mtu mwingine kaongelea ndani yake.

Nesi akacheka. Daktari hakucheka.

"Siku zote anaongea hivi?"

"Hapana dokta, huyu ni jogoo."

Akammulika mdomoni. Masizi mpaka kooni. Wa Mwanza wakasema asisafiri hivyo. Moto umeingia kooni, likivimba likaziba njiani, hafiki. Awekwe mpira wa kupumulia kwanza.

"Mpira ukiingia hutaweza kuongea," daktari akamwambia. "Una neno?"

Akanigeukia. "Usiuze buti zangu."

Basi. Ile ndiyo mara ya mwisho sauti yake kusikika.

Mwanza walimtibu, akapona. Sasa yuko kwa mama yake, kule Songwa. Akinipigia nasikia pumzi kwanza, halafu mnong'ono, na mimi nasema "nani?" wakati jina lake nimeliona kwenye simu. Ila nikiwa peke yangu kwenye kamba, ile sauti ya zamani naisikia inatoka shimoni. Nimeshavuta kamba tupu.

Juzi alikuja kuchukua buti. Akaegemea mti wa kamba, akaninong'oneza, "Hebu piga ile yangu."

Nikapiga kama yeye, mpaka shingo ikauma.

Kule chini wakalipuka kwa shangwe. "Jogoo! Umerudi, Jogoo?"

Akainama juu ya shimo, akafungua mdomo awajibu.