Fotei za Bibi Arusi Kwenye Nyumba ya Balozi

Aibu zangu nyingine nimeshazizika na majani yameota juu yake, lakini hii ya nyumba ya balozi imekataa kufa, kwa sababu Kisangani nzima, kuanzia Kabondo ninakokaa mpaka kule Makiso kwenye maofisi, watu wanaijua kuliko mimi mwenyewe, kwa hiyo heri niwasimulie kwa mdomo wangu, maana wasimulizi wengine wameniongezea chumvi mpaka eti nilizimia (sikuzimia, nilikaa chini tu, tena kwa hiari yangu).

Mimi kazi yangu ni kukodisha vyombo vya arusi: viti vya plastiki, masufuria, maturubai, na juu ya yote salon yangu, yaani zile fotei mbili kubwa za rangi ya dhahabu ambazo bwana na bibi arusi wanakalia mbele ya watu, pamoja na makochi ya wazazi, zulia jekundu, na mito yenye umbo la moyo. Shemeji yangu Ramazani, mdogo wake mume wangu, ni mlinzi wa nyumba moja Makiso ambayo serikali iliitengeneza ili akae balozi wa nchi jirani (wakubwa wanasema ni konsuli, si balozi, lakini sisi tunamwita balozi, na mwenyewe hajafika bado kutusahihisha). Rangi ilipakwa, maua yakapandwa, na makaratasi yakasema vyombo vya ndani vimenunuliwa vyote, tena vya kifahari. Sasa wabunge wa jimbo wakaanza kuuliza hivyo vyombo viko wapi, wakaunda tume yao, na tume ikasema itakuja kuangalia kwa macho.

Jioni ile Ramazani alikuja kula kwetu kama kawaida yake. Nilikuwa nimemtwangia lituma, ndizi zimelainika vizuri, na samaki wa mto pembeni, lakini shemeji aliisukuma sahani (Ramazani kusukuma sahani! nikajua kuna msiba).

“Shemeji, commission ya badeputé inakuya kesho asubui,” akasema. “Na nyumba iko vide kabisa, hata kibao ya kukaliya haiko. Na Directeur amesha sema, kama kitu inakosa, ni mulinzi njo aliiba.”

Huyo Directeur ndiye mkubwa aliyesimamia ile kazi ya kununua vyombo, mtu wa suti na manukato, ukipishana naye unapiga chafya. Nilimwangalia shemeji yangu, ana watoto wanne na kazi moja, na moyo wangu ukauma kweli. Akaendelea kusema kitu kingine, kirefu, ananionyesha sakafu kwa kidole, lakini mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Kichwani mwangu nilikuwa tayari napanga fotei.

Msinicheke. Kwetu mgeni hapokelewi kwenye nyumba tupu. Wakija wakwe unaazima viti kwa jirani wa kulia, sahani kwa jirani wa kushoto, pazia kwa dada yako, mgeni anakaa, anakula, anajua kabisa kwamba viti si vyako, jirani anajua, wote mnanyamaza, na hiyo ndiyo heshima. Kwa hiyo niliposikia tume inakuja na nyumba haina kitu, akili yangu iliona wageni na aibu ya mwenye nyumba, basi, haikuona kitu kingine. Tena nikapanga iwe siri, nimfurahishe.

Kulikuwa na kikwazo kidogo. Salon ile ilikuwa na arusi mchana wa siku hiyo hiyo ya tume, na shangazi za bibi arusi walikuwa wameshakuja kuipamba kwangu, wamezifunga fotei kwa mafundo makubwa ya kitenge chao cha arusi, cha zambarau chenye ndege wa njano. Nikajiambia, bon, tume itakuja asubuhi, itaangalia, itaondoka, na kabla jua halijawa kali fotei zitakuwa zimerudi, nani atajua? Na yale mafundo niliyaacha, kwa sababu, niseme ukweli, yalipendeza.

Asubuhi, Ramazani alipoiacha nyumba kwenda kuwapokea wabunge, mimi nikaita vijana wa pusupusu, wale wa mikokoteni ya kusukuma, tukapakia mzigo, tukashika njia ya Makiso huku watu wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, wakitupigia kengele na kuniuliza nani anaoa. Polisi wa getini ananifahamu, ndiye ninayempitishia na yeye chakula nikimletea shemeji chake, nikamwambia “Ramazani njo amenituma” (uwongo mmoja, mdogo, wa mapema asubuhi), akatufungulia geti na mlango. Tulizikokota zile fotei sebuleni, nzito kama viboko, zikipiga kelele juu ya sakafu inayong'aa, nikatandika zulia, nikapanga mito ya moyo, nikasimama katikati nikajisifu. Kweli, hata balozi angeona aibu kukaa peke yake pale, angetafuta mke.

Nikasikia magari. Nikajiweka pembeni ya mlango, mikono nimeikunja tumboni kama mtu wa protokoli, na nje namsikia Ramazani akisema kwa sauti kubwa, sauti ya mtu ambaye hakulala akiifanyia mazoezi:

“Mama Honorable, mimi njo nachungaka hii nyumba tangu siku ya kwanza. Nitaapa mbele yenu bote: ndani hamuna hata kiti moya, na hamuyaingiaka kitu.”

Akafungua mlango.

Jamani. Mbele waliingia wabunge, na aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mnene, mpole wa sura, macho makali, ndiye Mama Honorable, rais wa tume. Nyuma yake Directeur. Wote wakasimama. Dhahabu, zulia, mioyo, ndege wa njano. Ramazani akaangalia fotei, akaniangalia mimi, na mimi mjinga nikamkonyeza. Nilimkonyeza! Nilidhani amepigwa na furaha.

Directeur naye alikuwa ameingia na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Alipoona fotei, mdomo wake ulibaki wazi kidogo (yeye ndiye aliyeshangaa kuliko wote, maana alijua vizuri kwamba hajanunua kitu), halafu nikaona kwa macho yangu jinsi mwizi anavyopokea zawadi kutoka mbinguni. Akavuta tai yake.

“Voilà!” akasema. “Mama Honorable, nilisema nini? Bintu yote ya serikali iko hapa. Huyu mulinzi anasema bongo tu, anadanganya, sijui anaficha nini.”

“Na hii mito ya moyo?” akauliza Mama Honorable.

“Ah, hiyo, mama, ni diplomatie. Ni mapendo kati ya bainchi mbili.”

Akamkaribisha akae, akamwekea mto mgongoni, na yeye mwenyewe akakaa kwenye fotei ya pili, amepandisha mguu. Ramazani alikuwa amesimama peke yake, jasho linamtoka, mbunge mmoja anamwuliza kwa nini ameidanganya tume. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuja kumwokoa, kumbe nimemfunga kamba mwenyewe na kumkabidhi ncha Directeur.

Nikajitupa katikati. “Mama Honorable, pardon, hizi fotei ni zangu! Mimi njo nimezileta leo asubui, ni za arusi!”

“Wewe ni nani?”

“Shemeji yake.”

Wabunge wakatazamana, mmoja akacheka puani. Directeur akatikisa kichwa kwa huruma. “Munaona? Familia. Anamutetea.” Kisha akasema vyombo vyote vibaki hapo, visiguswe, ni mali ya taifa. Mali ya taifa! Salon yangu! Hapo ndipo nilipokaa chini kwa hiari yangu.

Na ndipo tukasikia pikipiki getini, nyingi, na vigelegele ambavyo havikuwa vya furaha. Shangazi za bibi arusi walikuwa wamekwenda kwangu kuchukua salon, hawakuikuta, na Kabondo hakuna siri, jirani akawaonyesha njia ya pusupusu. Polisi hakuwaweza. Waliingia kama mvua, wanawake kumi au zaidi, na mbele yao Mama Feza, shangazi mkubwa, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto.

“Mama Mwayuma! Fotei ya mutoto yetu inafanya nini huku?” Halafu akamwona Mama Honorable ameketi, akashika kichwa, kwa sababu fotei ya bibi arusi haikaliwi na mtu kabla yake mwenyewe kukaa, hilo kila mtu analijua. “Yo! Mama, simama! Unakaliya nafasi ya bibi arusi! Na huyu wa tai, njo bwana arusi?”

Directeur akaruka wima. “Mama, heshimu tume! Hii ni bintu ya serikali!”

Mama Honorable yeye hakusimama haraka. Aliangalia fundo la kitenge kwenye mkono wa fotei, zambarau, ndege wa njano. Akainua macho akaangalia shangazi wale: wote, kuanzia Mama Feza mpaka wa mwisho mlangoni, walikuwa wamevaa uniforme ya arusi yao, zambarau, ndege wa njano, hata vilemba. Mbunge aliyecheka puani akaanza kucheka kwa mdomo.

“Directeur,” akasema Mama Honorable taratibu, “na banguo ya hawa bamama pia, ni serikali njo iliishona?”

Directeur akakohoa. Hakuwa na diplomasia nyingine mfukoni.

Shangazi hawakungoja hotuba, walibeba fotei, wakabeba makochi, wakalikunja zulia na mguu wa mbunge ukiwa bado juu yake, na chini sakafu yote ilionekana imekwaruzwa na miguu ya salon yangu. Ramazani ndipo akapata sauti. Akawachukua wabunge chumba kwa chumba, kule ambako mimi sikufika, akawaonyesha sakafu ilivyo laini, inang'aa kama siku ilipopakwa vanishi, hakuna hata alama moja ya mguu wa kitanda wala kabati, sasa kitu ambacho hakijaingia kitaibwaje? Hilo ndilo alilokuwa akinieleza jana yake mbele ya lituma.

Aliponipata getini hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema tu, “Shemeji, ile nyumba vide njo ilikuwa mushahidi yangu.”

Na bibi arusi akakataa fotei iliyopashwa joto na mbunge, akaolewa juu ya kiti cha plastiki, gauni lote lile jeupe juu ya plastiki, na mpaka leo nikimwona sokoni nabadilisha njia. Hilo linaniuma kweli, sifanyi mzaha. Directeur, nasikia bado anaitwa kujieleza. Mambo ya wakubwa yanakwenda kwa miguu. Ramazani kazi yake ipo, nyumba bado tupu, balozi bado hajafika.

Nimeapa sitamsaidia mtu tena kabla hajamaliza kusema. Juzi shemeji alikuja kula, akasema tume nyingine inakuja, safari hii kutoka Kinshasa. Nilifungua mdomo. Akaweka kijiko chini, akaniangalia.

“Shemeji,” akasema, “we baki nyumbani.”

Nikabaki.