Udongo Hurushwa Juu

Mimi hasira yangu iko karibu, Mitaboni yote inajua, na kama unataka hadithi ya kubembelezwa tafuta mwingine akusimulie. Nitakuambia ya Munyiva, jirani yangu. Yeye mwenyewe yuko hospitalini mjini, na mimi nimebaki hapa nyumbani na woga ambao sijui niuweke wapi.

Tuliolewa kijiji hiki mwaka mmoja, mimi na yeye. Yeye alitoka Kivaa, kule chini kwenye joto, mimi ng'ambo ya kilima tu. Watu wanamwita Mama Musembi na mimi Mama Ndanu, lakini tukiwa wawili yeye ni Munyiva na mimi ni Wanza. Sasa sote tumepita hamsini. Watoto wameenda zao, magoti yanalia tukiinama, usiku mwili unawaka moto mpaka unatupa blanketi chini, na wanaume wetu wamegeuka mabubu. Maundu wake anafanya kazi ya saruji huko Athi River, anakuja mwisho wa mwezi, anakula, anaangalia paa, anarudi.

Munyiva ndiye kiongozi wa mwethya wetu, kikundi cha kusaidiana kazi. Kila Alhamisi wanawake wote tunaenda shamba la mmoja wetu kuchimba matuta, wiki ijayo kwa mwingine, hadi zamu inazunguka. Huku kwetu ni miteremko mitupu. Bila matuta, mvua ya Novemba inabeba shamba lako na kulipeleka mtoni ukiangalia. Kwa hivyo unachimba mtaro kukata mteremko, na udongo unaurusha juu, upande wa mlima. Kurusha chini ni rahisi, udongo unateremka wenyewe, lakini hapo umefanya kazi ya bure, shamba halisimami. Munyiva ndiye alitufundisha. Alikuwa anatembea ukingoni akipiga kelele, "Juu! Juu! Unampelekea jirani udongo wako, kwani amekuomba?"

Halafu kila mtu ana kipande chake, kimepimwa kwa kamba. Hakuna kuchimbiana. Hata ukifiwa na mbuzi, kipande chako kinakungoja. Hiyo pia ilikuwa sheria yake, na alikuwa mkali nayo.

Tukimaliza, tunakaa juu ya tuta bichi, uji unapita kwa vikombe, na Munyiva anatoa neno. Tuliliita neno la tuta. Lilianza siku ile Wakiuru alilia mbele yetu. Wakiuru ana duka la nafaka sokoni, wazazi wake walitoka Murang'a kwa Wakikuyu, na Kikamba chake ni kitamu kuliko changu. Alisema ameacha kuona mwezi wake na anahisi amekwisha. Munyiva akamwambia, "Umekwisha nini wewe? Mbegu ndiyo imeisha, shamba bado liko!" Aasi! Tulicheka mpaka uji ukamwagika, na Wakiuru mwenyewe akacheka machozi yakiwa bado mashavuni.

Basi tangu hapo kila Alhamisi tunamngojea. Siku moja anasema mtoto aliyeota ndevu usimfulie nguo. Siku nyingine, usingoje mtu akwambie pumzika, kaa chini. Aliyekuwa akigombana na mkwewe alitulia kwa sababu ya neno la tuta. Aliyeogopa kulala peke yake alitulia. Lakini lile tulilolipenda kuliko yote, ambalo tulilirudia hata kanisani tukisalimiana mlangoni, lilikuwa hili: "Mwili ukikuita, itika." Maana yake usiseme nitaenda kupimwa kesho. Wakiuru aliitika, akakutwa na presha, sasa anakunywa dawa na anatembea. Wengine walikwenda kuangaliwa macho, wengine sukari. Sisi tuliona tumepata mtu.

Sasa sikiliza.

Mwezi wa tatu, kabla ya mvua, tulikuwa shambani kwa Wakiuru. Kipande changu kilikuwa kando ya cha Munyiva. Nikainua kichwa nipanguse jasho, na nikamwona Munyiva anarusha udongo chini.

Nilidhani macho yangu yamechoka. Nikaangalia tena. Chini. Koleo moja, chini. La pili, chini. Mwingine akaona, akapiga kigelegele, "Mama Musembi amekuwa mzee!" Wote wakacheka. Munyiva naye akacheka, akasema leo ameamua kumsaidia jirani. Mimi sikucheka. Niliona mkono wake wa kulia haupiti bega. Ukifika hapo unasimama, na uso wake unakunjika kidogo, halafu anageuza koleo haraka kama mtu anayeficha kitu.

Njiani nilimuuliza. Akasema alilala vibaya. Sawa, mtu hulala vibaya. Lakini wiki iliyofuata alirusha chini tena, na wiki ile nyingine, na siku hiyo neno la tuta likawa fupi kuliko yote. Alisema, "Msiogope," akaangalia kikombe chake. Wanawake wakaitikia amina. Mimi nikaweka kikombe changu chini, kwa sababu hakuna mtu alikuwa amesema anaogopa.

Kesho yake nikaenda kwake bila hodi. Nilimkuta jikoni anachagua maharagwe kwa mkono wa kushoto.

"Inua mkono," nikamwambia.

"Mkono gani?"

"Ule unampelekea jirani udongo. Inua, Munyiva, ama nipige nduru kijiji kizima kije."

Hakuinua. Alisukuma ungo kando, akashika mkono wangu, akaupitisha chini ya nguo yake mpaka kwapani. Kulikuwa na kitu. Kigumu, kimeshika mahali pake, nikikisukuma hakisogei. Kingine kilikuwa kando ya titi. Nikavuta mkono wangu haraka sana, na yeye akaniona nikiuvuta.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipokuwa tunavuna mbaazi."

Mbaazi! Mbaazi tulivuna mwaka jana, tukaziuza, tukazisahau. Nilisimama nikamfokea mpaka kuku wakatoka nje. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia ni mnafiki. "Mwili ukikuita, itika! Ni nani alisema?"

"Ni mimi."

"Wakiuru aliitika! Sisi wote tuliitika! Na wewe?"

Akasema polepole, "Wanza, mimi najua kile kitu kinasema. Nikiitika, kitaniambia."

Ndipo akanieleza habari ya mama yake, ambayo katika miaka yote ya ujirani hajawahi kuniambia. Huko Kivaa mama yake alijifunga leso kifuani, akaifunga na kuifunga, akisema ni kifua tu. Watoto walijua kwa harufu. Munyiva ndiye alikuwa mkubwa, ndiye aliyeifungua ile leso mwishoni. Hakuniambia aliona nini na mimi sikumuuliza. Alisema tu kwamba tangu siku hiyo yeye huoga akiwa amefunga macho.

Mganga hajigangi, wanasema, na watu wakilisema hilo hucheka. Mimi sikuona cha kucheka. Nilikaa chini karibu na ungo wake nikaanza kuchagua maharagwe.

Tulikubaliana twende hospitali Jumatatu. Jumatatu nikafika kwake nimevaa viatu vya kanisa, na nyumba imefungwa. Nilimtafuta hadi nikampata mtoni amejikunyata nyuma ya matete. Mama mzima! Kiongozi wa mwethya! Nilitaka kumtukana, lakini alipoinua uso nikaona ule uso, nikanyoosha mkono tu. Akaushika. Hakuuachilia mpaka mjini Machakos.

Kwenye benchi la hospitali muuguzi alikuwa anafundisha wanawake. Alisimama mbele yetu, akaweka mkono mmoja nyuma ya kichwa, na vidole vya mkono ule mwingine vikazunguka kifuani juu ya nguo, polepole, kuanzia nje kuingia ndani, halafu kwapani. Akasema kila mwanamke afanye hivyo nyumbani. Kisha akanielekea mimi. "Na wewe mama, huwa unajipapasa?"

"Mimi niko sawa," nikasema. Nilisema haraka mno. Munyiva aligeuza kichwa akaniangalia, lakini wakati huohuo jina lake likaitwa.

Walimdunga sindano, wakachukua kipande cha kile kitu wakakipime, tukarudi nyumbani kungoja. Kungoja huko sitaki kukueleza. Simu ikilia napata kizunguzungu, isipolia napata kizunguzungu. Majibu yalipotoka tulikwenda tena, na daktari, msichana mdogo mwenye sauti ya chini, akatuambia ni saratani, imeshaanza kutembea kwenda kwapani. Titi litatolewa, halafu dawa. Munyiva akauliza kama amechelewa. Daktari akasema, "Mama, ningependa ungekuja mapema. Lakini umekuja, na tunaweza kufanya kazi." Ningependa nikuambie kwamba nilisikia ile nusu ya pili. Masikio yangu yalibaki na ile ya kwanza.

Alhamisi iliyopita zamu ilikuwa shamba la Munyiva mwenyewe. Wanawake walikuwa wamejua, nani atazuia mdomo wa Mitaboni. Tulichimba bila wimbo. Kipande chake kilikuwa katikati, kimepimwa kwa kamba, na hakuna mtu alikigusa. Yeye alikaa ukingoni na koti la Maundu mabegani, maana Maundu alikuwa amekuja ingawa si mwisho wa mwezi. Alikuwa amesimama nyuma yake, kimya kama kawaida, lakini macho yake safari hii hayakuwa juu ya paa.

Tukakaa kwenye tuta. Uji ukapita. Hakuna aliyekunywa. Tukamngoja atoe neno, hebu fikiria, tulikuwa na ujinga huo, hata siku hiyo tulimngoja yeye.

Munyiva akasema, "Jameni, mimi naogopa. Naogopa sana. Jumanne wanakata, na mimi naogopa mpaka meno yanauma."

Wakiuru akaruka kumjibu. "Mama Musembi, si ulituambia mwili ukikuita..." Mwingine akadakia, "Hamsini ni kilima, panda ukipumua, si ulisema?" Na mwingine, na mwingine. Kila mmoja alifungua mdomo kumfariji, na yaliyotoka yalikuwa maneno ya Munyiva. Hatukuwa na mengine. Hata mimi nilitafuta langu nikakuta lake.

"Nyamazeni!" Sauti yake ilipasuka. "Hayo maneno niliyatunga nikiwa mzima. Nilikuwa nacheza. Sijui kama yanabeba mtu."

Nilimwogopa Munyiva wakati huo, nilimwogopa kweli, kwa sababu nilikuwa nimeegemea maneno hayo miaka mingi na sasa mwenyewe alikuwa ameyaondoa.

Wakiuru ndiye aliinuka. Alichukua jembe akaingia kwenye kipande cha Munyiva na kupiga. Munyiva akapiga kelele, "Toka hapo! Hicho ni changu! Kila mtu na chake!" Wakiuru akapiga tena. Nikainuka mimi. Wakainuka wote. Tulijazana ndani ya ule mtaro mdogo tukigongana viwiko, wengine tunalia waziwazi, majembe yanakaribia kukatana miguu, na katika vurugu ile mtu akarusha udongo chini.

"Juu!" Munyiva alikuwa amesimama, koti limeanguka. "Juu, nyinyi! Nani amewafundisha kuchimba?"

Tukarusha juu.

Jumanne nilimsindikiza hadi mlango wa wodi. Maundu alibeba begi. Muuguzi akasema mwisho wetu ni hapo. Nilikuwa nimejitayarishia neno la kuagana naye, lakini yeye akaniwahi. Alinivuta karibu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Wanza. Wewe ulijipapasa?"

"Ndiyo," nikasema.

Akaniangalia. "Mwongo," akasema, na akaingia.

Maundu amepiga simu. Munyiva ametoka kwenye chumba cha kukatwa, amelala, ameamka, ameomba maji. Mengine madaktari hawajui bado, watajua wakimpima tena. Ni hayo tu yuko nayo, na Maundu akisema maneno mengi hivyo ujue naye anaogopa.

Leo ni Alhamisi tena, na zamu ni ya shamba langu. Nawasikia nje. Wameshafunga kamba, Wakiuru anauliza Mama Ndanu yuko wapi, kwani amelala, na wanasema leo neno la tuta nitatoa mimi. Mimi niko chumbani. Nimefunga mlango, nimefungua vifungo vya blauzi, nimekaa kitandani mchana kweupe kama bibi harusi aliyekosa bwana. Kuna mahali upande wa kushoto ambapo nikioga huwa napapita haraka. Nimepapita haraka tangu Krismasi.

Mkono wa kushoto nimeuweka nyuma ya kichwa. Wa kulia bado uko kwenye goti, na ninauambia, juu, wewe, juu.